Ufunguo wa Kiunoni mwa Mama Peres

Jumatatu, 3 Juni 1996. Migori

Miguu imevimba tena. Kibandani tangu saa moja asubuhi. Kufuli kumi na moja, zote mpya, zote zimekufa ugonjwa mmoja. Spring! Nimechoka kutengeneza vitu vilivyotengenezwa ili vife.

Mchana akaja jamaa kutoka Muhuru Bay na mtungo wa funguo tisa kwenye waya. Ati za Mjerumani. Kila ufunguo mkubwa wenye kutu upande huu ni wa Mjerumani. Huyo Mjerumani alikuwa na milango mingapi jamani? Nikampa stuli akae. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote: kidole kwanza, macho baadaye. Ufunguo uliochongwa kwa tupa una mikwaruzo ndani ya meno, na mikwaruzo haifanani. Uliomiminwa kiwandani una mstari ubavuni, kama mshono wa suruali. Saba zilikuwa na mshono. Wa nane umechomwa na maji ya betri ili uonekane mzee. Nikamwambia hawa wote ni waongo. Akanuna, akasema mwanamke anajua nini na chuma. Neno hilo nimelisikia miaka ishirini, halinikeri tena, linanichosha tu.

Wa tisa sikusema kitu. Mti wake una tundu katikati, meno yamelika upande mmoja, kichwa kimekuwa laini kama sabuni ya juzi. Huu ulifanya kazi kweli. Nikaununua. Namba 215. Nimeufunga kitambaa chekundu, maana yake mzee halisi. Vya kijani ni watu wazima. Waongo hawapati kitambaa.

Jioni Abdishakur akapita. Duka lake la nguo liko mbele, lakini chumba cha nyuma kimejaa masanduku, mizani na redio za mbao ambazo hupeleka Nairobi. Kuna mama mmoja huko anakusanya. Hataki funguo tupu tena, anataka ufunguo na kitasa chake, pamoja, na habari ya mlango vilikotoka. Nikamwambia nina mia mbili na kumi na tano na sina hata jozi moja. Akacheka, akasema basi mimi nina wageni tu, sina wenyeji.

Nikacheka na mimi. Lakini jozi moja naijua. Iko nyumbani kwa kina Byron, nje kidogo ya Homa Bay. Kitasa kiko mlangoni kwa mama mkwe wangu, Mama Peres. Ufunguo uko kiunoni mwake, kwenye kamba, chini ya gauni. Mlango huo baba mkwe aliubeba kutoka kwenye kiwanda cha pamba kilipofungwa, na kitasa chake, kila kitu. Tangu nilipoolewa nimeushika ufunguo huo mara mbili tu. Mara zote mbili kwa bahati.

Sijawahi kuuomba. Mtu anaombaje kitu kilicho kiunoni mwa mama mkwe?

Jumapili, 9 Juni

Ujumbe umekuja kanisani. Mama hali chakula. Byron yuko njiani na lori la tumbaku, atafuata akirudi. Natangulia mimi. Nimefunga kibanda. Daftari nimelitia mkobani, sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Juni. Nyumbani, Homa Bay

Amekuwa mdogo sana. Awino anamlisha uji kwa kijiko cha chai. Awino ni mjane wa mdogo wake Byron, yule aliyezama upande wa Mfangano mwaka wa tisini na mbili. Kijaluo tunaitana nyieka, mimi naye, tulioolewa mji mmoja. Amelala sakafuni kando ya Mama miezi minne. Ken, shemeji yangu wa pili, anapita mlangoni asubuhi, anauliza kama amekula, anaondoka.

Nimejilaumu kwa jambo moja. Nilipokuwa nikimgeuza Mama ubavu, kidole changu kiligusa kamba. Na kidole, badala ya kumgeuza mgonjwa, kikasimama. Kikahesabu meno kupitia kitambaa. Manne. Nina miaka hamsini na moja na sina aibu.

Jumatano, 12 Juni

Amekwenda. Saa kumi na mbili asubuhi, bila kelele.

Jumatano, baadaye

Nimelia hadi kichwa kinagonga. Sasa hivi wanaume wanatafuta pikapu ya kumpeleka mochari.

Tulimwosha kabla. Shangazi yake Byron wa Mfangano alituongoza, mimi na Awino tukipokezana maji. Shangazi akasema, "Toa hiyo kamba kwanza, weka vizuri." Nikaifungua. Fundo lilikuwa gumu, la miaka. Nikauweka ufunguo kwenye pindo la leso, nikafunga, tukaendelea. Hakuna la ajabu. Mtu angeuweka wapi?

Jumamosi, 22 Juni

Tumemzika. Watu wengi mno. Nimepika ugali sufuria ambazo mtoto angeogelea. Wanawake wa kanisa, wanawake wa ukoo, wageni kutoka Kegonga kwetu, kaka zangu wawili na ng'ombe mmoja. Mgongo si wangu tena. Mlango wa Mama uko wazi usiku na mchana, waliaji wanaingia na kutoka. Hakuna aliyeuliza ufunguo. Mlango usiofungwa, nani atauliza?

Alhamisi, 27 Juni. Migori

Nimerudi. Nimelala mchana mzima kama gunia. Nilipofua leso jioni ndipo ufunguo ukagonga kwenye karai.

Hapana. Hapa nisijidanganye, hakuna mwingine anayesoma. Sikusahau. Siku zote kumi na tano nilijua uko wapi. Nilikuwa nausikia pajani nikitembea. Nilijiambia nitampa Byron, kisha nitampa Mzee Olang'o mkubwa wa ukoo, kisha baada ya wageni kuondoka. Halafu nikapanda gari nao.

Jumamosi, 29 Juni

Nimeutazama leo kwa jua la saa nne, mlangoni, na miwani.

Umenishinda. Kichwa kimelika hadi chuma kimebaki chembamba, kamba imechimba mtaro pale ilipopita. Hapo ni miaka thelathini na zaidi, hakuna ubishi. Lakini meno! Meno yote manne ni makali. Pembe zake bado zinakwaruza ukucha. Alama za tupa zimo zote, kama fundi amemaliza juzi. Ufunguo wa mlango unafunga na kufungua kila siku, mara mbili, miaka thelathini. Meno hayo yangekuwa yamelainika kama ya mzee.

Nimewaza: labda si wake. Labda wa asili ulipotea, huu akachongewa baadaye. Ndiyo maana. Kitambaa gani sasa? Chekundu kwa kichwa, au hakuna kwa meno? Nimeuacha bila kitambaa.

Nilipaswa kuwaza mengine. Nilipaswa kuwaza kwamba kitu cha chuma cha marehemu hakitoki kwenye mji wa ukoo kabla ya keyo nyinyo, ugawaji wa vyuma. Nimeolewa kwao miaka ishirini na mitatu, nimekaa keyo nyinyo tatu. Majembe, panga, visu, sufuria, vyote hutolewa uani mbele ya wote, kisha mkubwa wa ukoo anagawa, huyu hiki, yule kile. Kikikosekana kimoja, hakigawanywi chochote. Najua. Kwetu Kuria tuna yetu, lakini hii naijua.

Jumanne, 2 Julai

Nimefanya upumbavu. Nimemwonyesha Abdishakur.

Nilitaka tu maoni. Naye aliushika kama anavyoshika vitu, kwa ncha za vidole, akaupeleka dirishani. Akashangaa meno kama nilivyoshangaa mimi. Akasema yule mama wa Nairobi ana vitabu vya picha za funguo, atasema ni wa miaka gani na kama ndio wa asili. Yeye anasafiri Alhamisi, anarudi baada ya siku nne. Akauliza, akiniita kwa jina la binti yangu kama siku zote, "Ni wako, Mama Truphena?" Nikasema ni wa nyumbani, nikamwachia aende nao.

Ni kweli. Ni wa nyumbani. Nimejibu kweli na bado najisikia vibaya.

Jumatatu, 8 Julai

Barua kutoka kwa Ken. Keyo nyinyo ni Jumamosi hii. Nilidhani ingekuwa Agosti! Nimekimbia dukani. Hibo, mke wa Abdishakur, akanikaribisha chai, akasema bwana amepitiliza Garissa, kuna harusi ya binti ya kaka yake. Atarudi lini? Akishiba nyama, akasema Hibo, akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 11 Julai

Bado. Nimempigia simu kwa kibanda cha posta nambari aliyonipa Hibo. Ikaita ikaita.

Nilitaka kumwambia Byron jioni. Alifika saa mbili na vumbi la tumbaku hadi kwenye nyusi, akala, akalala na kiatu kimoja. Nikamvua kile kingine.

Jumamosi, 13 Julai. Homa Bay

Naandika nikiwa jikoni kwa Awino. 

Vitu viliwekwa uani kwenye mkeka. Majembe matatu, shoka, panga, kisu cha samaki, pasi ya makaa, sufuria tano, kijiko kile cha chai. Mzee Olang'o ana fimbo, anagusa kimoja kimoja akitaja. Akamaliza. Akasema bado kitu. Akauliza, "Hiyo ufunguo ya Peres iko wapi?" 

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini ningesema nini, kwamba uko Garissa harusini? Nikafikiri: kwanza niurudishe, kisha nitasema nimeuona chini ya kitanda. Kwa hiyo nikafunga mdomo. Sekunde moja tu. Na Ken akaitumia sekunde hiyo.

Akamgeukia Awino. "Wewe ndio ulikuwa unalala na yeye. Watu wa skrapu walipita hapa wiki ya matanga, wewe uliongea na wao, watu waliona." Awino akasema aliwauzia debe lililotoboka, la kwake mwenyewe. Ken akasema leo debe, kesho ufunguo, keshokutwa ni mabati ya nyumba. Kama mtu hana mume na anauza chuma ya mama kabla haijagawanywa, basi huyo arudi kwao. Watu wakaguna. Wengine waliguna kukubali.

Awino hakulia. Aliangalia mkeka. Hakunitazama hata mara moja.

Mzee Olang'o hakupenda, nilimwona. Lakini mji hauwezi kuendelea. Hakigawanywi kitu. Nyumba ya Mama haiwezi kufungwa wala kuachwa. Jumamosi ijayo watu wa mji watakutana tena, na ufunguo usipopatikana Awino arudi kwao. Mpaka hapo Awino asilale kwenye nyumba ya Mama. Alale jikoni kwake.

Byron alikuwa amesimama kando yangu. Akasema chinichini kwamba ni aibu, Awino alitunzwa vizuri hapa. Ndipo nilipojua kwamba na yeye ameamini.

Walipotawanyika nikaenda mlangoni kwa Mama. Sikuwa na haja ya kwenda. Macho yamezoea tu, likionekana tundu la ufunguo lazima niiname. Nikainama.

Nyigu wamejenga ndani. Udongo umejaa tundu lote, mkavu, wa zamani, tabaka juu ya tabaka. Nikachokoa kwa pini ya nywele. Vumbi na udongo. Kitasa hicho hakijaingizwa ufunguo miaka mingi, pengine tangu kiletwe kutoka kiwandani. Meno hayakulika kwa sababu hayakuwahi kuingia humu!

Nilikaa pale kizingitini.

Mama hakuwahi kufunga mlango wake. Aliuvaa ufunguo ili mtu mwingine asiufunge.

Mwaka wa sabini na nne, Byron alikuwa akinywa. Nilikimbia kutoka nyumba yangu na Byron, nimevaa gauni moja na bila viatu, nikasukuma mlango huu. Ulifunguka. Nilidhani ni bahati, kwamba Mama alisahau. Nikalala kwenye ngozi miguuni pake. Byron akaja, akasimama nje, akaapa, akatukana, kisha akarudi. Mtoto wa kiume mzima haingii anapolala mamake. Kwao hilo halivunjwi hata na mlevi. Mara ngapi tena? Nne, tano, mpaka Byron alipookoka. Kila mara nilisukuma tu. Sikuwahi kujiuliza.

Awino naye. Marehemu mumewe alikuwa na mkono mzito kuliko wote. Asubuhi ngapi nilimkuta Awino akitoka nyumbani kwa Mama na uso umevimba, akichukua mtungi kwenda mtoni kama kawaida?

Na mimi leo nimemwacha uani peke yake.

Jumapili, 14 Julai

Sikulala. Asubuhi Awino ameniletea maji ya moto ya kunawia, kama siku zote. Nimeshindwa kumtazama. Nimepanda gari la kwanza kurudi Migori.

Jumatano, 17 Julai. Migori

Hakuna Abdishakur. Nimetengeneza kufuli mbili vibaya. Mteja amerudisha moja.

Nimezitoa funguo zangu zote, mia mbili na kumi na tano, nikazimwaga kitandani. Nikatafuta mmoja ambao najua ni nani aliubeba. Si mlango, si mwaka, si fundi. Mtu. Upo mmoja tu, ule wa stoo ya mgodi alionipa baba yangu, Maroa. Hizo nyingine zote najua umri wao na sijui jina la mtu hata mmoja. Byron akaingia, akaniuliza kama nauza. Nikasema napanga. Akasema, Robi, umekonda.

Nikamwambia, Byron, unakumbuka mwaka wa sabini na nne?  Akasema alishatubu hayo. Akatoka nje kuosha lori ambalo lilikuwa safi.

Ijumaa, 19 Julai

Amerudi! Nilikuwa dukani kabla hajafungua mzigo.

Alikuwa na furaha. Yule mama wa Nairobi ameupenda kupita kiasi. Amesema umechongwa kwa mkono, ni mzee kuliko kiwanda chenyewe, pengine ulikuja na mlango kutoka India kwa meli. Meno kama hayo hajawahi kuona kwa ufunguo uliobebwa hivyo. Akiupata na kitasa chake atatoa bei ambayo Abdishakur aliandika kwenye karatasi na kuikunja, maana hakutaka kuitamka mbele ya wateja. Atatuma hata fundi wake wa kukitoa kitasa bila kuumiza mbao.

Sikuikunjua karatasi. Nikamwambia ukweli wote, nikiwa nimesimama, mkono kwenye kaunta.

Akakaa chini. Akaniangalia kama mtu aliyepakwa kitu bila kuambiwa. "Mama, mali ya maiti? Haijagawanywa? Na mimi nimeipeleka Nairobi kwa mfuko wangu?" Akasema kwao mirathi haiguswi hata sindano mpaka wenyewe wakae. Angejua asingeushika. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akauweka ufunguo kwenye bahasha, akanipa kwa mikono miwili. Akasema nikimaliza na watu wangu nije tunywe chai, lakini nimalize kwanza.

Miaka kumi na tatu ananiita mtu wa kuaminika wa funguo. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Kesho ni Jumamosi. Nimekwisha panga. Nitafika mapema, nitaingia kwa Mama kama ninafagia, nitauacha chini ya miguu ya kitanda. Mtu atauona. Yataisha. Byron hataaibika, Awino atabaki, nami nitakaa na langu moyoni mpaka nife.

Jumamosi, 20 Julai. Homa Bay, asubuhi

Nimechelewa. Gari liliharibika Rongo, tukasukuma. Nilipofika watu walikuwa wameshakaa, na mlango wa Mama umewekewa kijana wa Ken alinde.

Mzee Olang'o amesema hivi. Hataki kumtia mtu yeyote aibu. Kila mmoja wa mji ataingia nyumbani kwa Peres peke yake, atoke, bila kuulizwa. Aliye nacho akiache. Mwisho, yeye mwenyewe ataingia kutazama. Kikipatikana, limekwisha, hakuna wa kuuliza nani. Watu wakapumua. Mimi nilitaka kumbusu mikono yule mzee. Mlango umefunguliwa kwa ajili yangu!

Jumamosi, baada ya chai

Sasa nimeelewa, na nimeshikwa na baridi juani.

Hawataingia ovyo. Wataingia kwa heshima ya mji, mkubwa kwanza, kama kila kitu hapa. Byron, kisha mimi, mke wa mtoto wa kwanza. Ken na mkewe. Awino ni mke wa kitinda mimba, tena mjane. Awino anaingia wa mwisho.

Nikiuacha mle ndani, mzee ataupata baada ya Awino kutoka. Hakuna atakayeuliza. Hakuna atakayehitaji kuuliza. Kila mtu atajua moyoni mwake nani aliurudisha, na Ken atajua kwa sauti, leo pombeni, kesho sokoni, mwaka kesho shamba likigawanywa. Nitakuwa nimemfunga kwa mkono wangu, na yeye hatakuwa na hata neno la kujibu, maana hakuna aliyemshtaki.

Na nisipouacha? Anaondoka leo. Vitu vyake nimeviona, vimefungwa kwenye shuka, vimewekwa kando ya jiko. Shuka moja limetosha.

Byron ameingia sasa hivi. Mimi niko jikoni kwa Awino, nimesema natafuta dawa ya kichwa. Daftari liko gotini. Awino yuko hapa, anachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa.

Amesema kitu. Nakiandika kama alivyokisema, nisije nikakibadilisha baadaye nikijitetea.

Amesema, "Nyieka, mimi nitaingia mwisho. Nikikuta kitu mle ndani, nitoke nacho, ama nikiache?"



Alijua. Tangu siku ya kwanza! Alikuwa ameshika karai nilipofungua kamba. Aliniona nikifunga leso. Alikaa uani ile Jumamosi, Ken akimrarua, na jina langu mdomoni mwake, na hakulitema. Nikamuuliza kwa nini, Awino, kwa nini hukusema? Akasema yeye ni nani wa kumtaja mke wa mkubwa mbele ya watu. Akasema pia alidhani nitasema mwenyewe. Alidhani hivyo wiki nzima.

Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayekumbushana habari za nyumbani: "Mama alijua unaupenda. Alikuwa anasema, Robi anaangalia kiuno yangu kuliko uso yangu. Alikuwa anacheka. Alikuwa anangoja tu uombe."

Siandiki vizuri. Machozi yanaharibu karatasi.

Byron ametoka. Amepangusa mikono kwenye suruali. Mzee Olang'o ananiita, mke wa Byron, mke wa Byron, ingia. Ufunguo nimeutoa kwenye bahasha. Uko mkononi, kiganja wazi, hauko kwenye leso. Kutoka hapa mpaka mlangoni ni hatua kama thelathini, katikati ya watu wote. Awino ameacha moto, amesimama. Anauona mkono wangu. Mzee anaita mara ya pili. Ken anauliza huyo mama anaandika nini huko